Kigali na Njia za Pwani

Mkaazi wa Mombasa, Tanga ama Unguja akiifungua ramani ya Afrika ya Mashariki kuutafuta mji wa Kigali, itambidi ayaache mawimbi nyuma yake, azipite nyika za Ugogo na mbuga za Unyamwezi, auvuke Mto Kagera, kisha apande na kushuka vilima visivyohesabika hata afike kimo cha mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hakuna jahazi lililopata kutia nanga wala mnazi haustawi. Hata hivyo, akiingia mtaa wa Biryogo wakati wa alasiri, watu wakitoka msikitini na harufu ya mishikaki ikianza kupanda, ataamkiwa kwa Kiswahili, ataletewa chai ya viungo, na kofia atakazoziona vichwani hazitakuwa ngeni machoni pake. Hapo ana haki ya kuuliza ni nani aliyeuchukua mwambao akaupandisha milimani.

Jawabu la suali hilo ndilo makusudio ya makala haya. Aghalabu historia ya Kigali husimuliwa kama habari za mtu mmoja, tabibu wa Kijerumani aliyekita bendera juu ya kilima cha Nyarugenge mwaka 1907. Nami siukatai mwaka wala simnyimi tabibu sifa yake, ila naona kwamba bendera haijapata kuzaa mji popote duniani, na kwamba waliouzaa mji huu ni wapagazi, askari, makarani na wachuuzi wa ngozi waliopanda kwa njia za pwani. Mgeni anayeuzuru Kigali pamoja na miji na mashamba yanayouzunguka bila ya kuzifuata njia hizo ataona barabara safi na majengo ya fahari, lakini kilichoyaleta hakitamdhihirikia.

Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuizoea bara kama walivyozizoea bandari zao. Walikuwa na nyumba Tabora na Ujiji, walilivuka Ziwa Tanganyika wakaenea Manyema, na upande wa kaskazini walifika hata baraza ya Kabaka wa Buganda. Bali Rwanda waliizunguka. Huko Karagwe, karibu na makao ya mfalme Rumanika, palikuwa na kijiji cha biashara kiitwacho Kafuro, na hapo mwaka 1876 Mwarabu mmoja mashuhuri, Hamed bin Ibrahim, alimwarifu msafiri Stanley kwamba watu wa Rwanda hawakuwa wamemruhusu Mwarabu yeyote kufanya biashara katika nchi yao. Stanley mwenyewe alifika katika Ziwa Ihema, ambalo siku hizi limo ndani ya hifadhi ya wanyama ya Akagera, akageuka na kwenda zake. Bidhaa za pwani, yaani shanga, nguo na nyaya za shaba, ziliingia mkono kwa mkono kupitia kwa majirani, lakini mwenye bidhaa alisalia mpakani. Mwami, yaani mfalme wa Rwanda, aliyeufunga mlango huo, Kigeli wa Nne Rwabugiri, alikuwa mtawala wa vita aliyeitanua dola yake pande zote hata mauti yake mwaka 1895, na mtu akikumbuka yaliyotendeka Manyema kwa bunduki na minyororo katika miaka hiyohiyo, hatathubutu kuiita hadhari ile ushamba.

Mlango ulisukumwa na Mzungu mwenye miguu ya watu wengine. Gustav Adolf von Götzen, mwanajeshi wa Kijerumani wa ukoo bora, aliondoka Pangani mwishoni mwa mwaka 1893 na msafara mkubwa wa wapagazi na askari, akauvuka Kagera penye maporomoko ya Rusumo mwaka 1894, akaonana na Rwabugiri uso kwa uso huko Kageyo, kisha akaendelea kupita Ziwa Kivu na misitu ya Kongo hata akaiona Bahari ya Atlantiki. Vitabu vimelihifadhi jina lake, ambalo baadaye lilipata umaarufu wa kuhuzunisha alipokuwa gavana Dar es Salaam wakati wa vita vya Maji Maji. Majina ya waliomchukulia mizigo toka Pangani hayakuhifadhiwa, ilhali ndio waliotangulia kuisikilizisha nchi ile Kiswahili kwa wingi, wakiomba maji, wakinunua maharagwe, wakigombana juu ya mahali pa kulala.

Baada yao alikuja Richard Kandt, mzaliwa wa Posen, tabibu mwenye kalamu nzuri na shauku ya kulijua chimbuko la Mto Nile. Mwaka 1898 aliufuata Mto Rukarara ndani ya msitu wa Nyungwe akautangaza kuwa ndio asili ya mto ule mkuu, akajijengea maskani karibu na Ziwa Kivu, na mwaka 1904 akatoa kitabu chake Caput Nili. Serikali ya Ujerumani ilipomteua kuwa mwakilishi wake wa kwanza katika Rwanda, alikichagua kilima cha Nyarugenge kwa sababu za mtu mwenye akili: palikuwa katikati ya nchi, njia za mashariki, kusini na kaskazini ziliweza kukutana hapo, na palikuwa mbali kidogo na Nyanza, kulikokuwa na baraza ya Mwami Yuhi wa Tano Musinga na mama yake Kanjogera mwenye nguvu nyingi. Wajerumani hawakuwa na watu wa kutosha kuitawala Rwanda moja kwa moja, hivyo walitawala kupitia kwa Mwami, na jirani wa namna hiyo hutakiwa akae karibu pa kusikilizana na mbali pa kutokukanyagana. Kandt alirudi kwao kabla ya vita kuu ya kwanza, vita vikamzuia kurejea, akafa Nuremberg mwaka 1918. Nyumba inayohifadhi kumbukumbu yake ingalipo Nyarugenge, nayo sasa ni makumbusho yenye wageni wengi.

Waama, kama Kigali kingebaki boma la Kandt na askari wake, leo kingekuwa magofu ya kuandikiwa kibao. Kilichokigeuza kuwa mji ni ngozi. Nchi yenye ng'ombe wengi na mbuzi wengi zaidi ilikuwa na ngozi za kuuza, na mara tu boma lilipokuwa na ulinzi, walikuja Wahindi, Waarabu na Waswahili na marobota ya nguo, chumvi, shanga na majembe, wakafungua maduka ya udongo na kununua ngozi kwa rupia. Mizigo ilikwenda kwa vichwa vya wapagazi hadi Bukoba, ikapakiwa merikebuni kulivuka Ziwa Viktoria hadi Kisumu, na kutoka hapo reli ya Uganda ikaiteremsha Mombasa. Hata ikawa mali ya koloni la Ujerumani inatoka kwa bandari ya Waingereza, jambo lililowakera mno maofisa wa Dar es Salaam. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, Wajerumani walianza kutengeneza tawi lake kutoka Tabora kuelekea Kagera ili biashara ya Rwanda irudishwe upande wao, ila miezi michache baadaye vita vilizuka na majembe yakatupwa.

Pamoja na bidhaa ilikuja lugha, na pamoja na lugha ilikuja dini. Kiswahili kilikuwa lugha ya serikali ya Kijerumani katika koloni zima, karani aliandika kwacho na askari aliamrishwa kwacho. Hata Musinga, ambaye hakuupenda ugeni kwa ugeni wake, alijifunza kukisoma na kukiandika, maana aliona mbali kuliko wengi wa watu wake: barua ya serikali ikisomwa na mkalimani huweza kugeuzwa, na mtawala asiyejisomea yu mikononi mwa msomaji. Mwaka 1913 ulijengwa msikiti wa kwanza, uitwao Al-Fatah, na mwaka huohuo Mapadri Weupe, waliokuwa wamekwisha kukaa Save tangu 1900, walianzisha misheni ya Sainte-Famille katika mji huu huu. Basi mtu akitaka kujua umri wa Kigali kama mji wa watu, mimi ningemwelekeza kwenye mwaka 1913 kabla ya 1907, kwa kuwa mahali panapojengwa nyumba za ibada, wenyewe wamekata shauri ya kukaa na kuzikana.

Majeshi ya Ubelgiji yaliingia Kigali mwezi wa Mei 1916, na tangu hapo nyota ya mji ikafifia. Watawala wapya waliyaweka makao makuu ya Ruanda-Urundi Usumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, wakajenga mji wa elimu kusini wakauita Astrida kwa heshima ya malkia wao, na Kigali kikabaki kituo cha wilaya chenye wafanyabiashara na gereza. Gereza hilo lilijengwa mwaka 1930, na wenyeji hawakulipa jina lingine ila hilo la mwaka wake. Wafungwa wake walihamishiwa Mageragere mwaka 2018. Waislamu, ambao wengi wao walikuwa na asili ya pwani, Unyamwezi au Manyema, na ambao walikuwa wamewatumikia Wajerumani, walitazamwa kwa shaka; walitengewa mtaa wao Biryogo, ukajulikana kuwa Kambi ya Waswahili, na aliyekaa humo alihitaji ruhusa kutoka. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi wa Kiislamu aliyemchelea mwanawe kubatizwa alimnyima shule. Mnyarwanda aliyesilimu alihesabiwa kuwa Mswahili, amejitoa katika jamaa zake, hana ng'ombe wala shamba.

Lakini dhulma hiyo ilikuwa na matokeo ambayo wenye kuitunga hawakuyatarajia. Waliofungiwa ofisi na mashamba waligeukia mikono yao: wakawa washoni, wachinjaji, mafundi wa magari, madereva wa malori, wachuuzi wa kila kitu, wakawa ndio watu wa njiani, wenye jamaa Bukoba, Kampala, Bukavu na Kigoma, na wenye lugha inayoeleweka na wote hao. Mji ulipoanza kukua baadaye, ulikuta shughuli zake nyingi zimekwisha kushikwa na watoto wa Kambi.

Ukuaji huo ulikuja na uhuru, tarehe 1 Julai 1962. Kwa kuwa Usumbura ilikuwa ya Burundi, Rwanda ilibidi itafute mji mkuu, na ijapokuwa Astrida, ambayo siku hizi ni Huye, ilikuwa na wasomi na majengo bora, Kigali kilikuwa katikati. Wakati huo kilikuwa na wakaazi wapatao 6,000 tu. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 iliwakuta zaidi ya milioni 1.7 katika eneo la kilomita za mraba 730, lililogawanywa wilaya tatu za Nyarugenge, Gasabo na Kicukiro. Na asiyezishangaa tarakimu hizo hajapata kupanda kwa miguu kutoka Nyabugogo hadi mjini.

Haifai kupita mwaka 1994 kwa haraka, wala haiwezekani. Kuanzia tarehe 7 Aprili hadi Kigali kilipotwaliwa na jeshi la RPF, lililokuwa likipigana na serikali, tarehe 4 Julai, mji huu ulikuwa machinjio ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi: vizuizi kila njia panda, jirani akimwita jirani kwa jina ili auawe. Katika Sainte-Famille ileile ya mwaka 1913 walikimbilia watu kwa maelfu, na wengi walitolewa humo kwenda kuuawa. Katika Biryogo na Nyamirambo Waislamu wengi waliwaficha Watutsi majumbani na misikitini, bila ya kujali ni wa dini gani, na jambo hilo limeshuhudiwa na waliookoka wenyewe. Haitakuwa insafu kusema kwamba hakuna Mwislamu aliyeshiriki, maana walikuwapo. Lakini watu ambao dola ilikuwa imewatenga kwa miongo mingi walikuwa wamejifunza kutokuiamini sana sauti ya dola, na nadhani hilo liliwafaa katika siku ambazo utii ulikuwa ndio uovu wenyewe. Katika kilima cha Gisozi, kwenye kumbukumbu iliyofunguliwa mwaka 2004, wamezikwa watu zaidi ya 250,000.

Anayeuzuru mji leo hupelekwa kwanza Kimihurura kutazama ukumbi wa mikutano uliofunguliwa mwaka 2016, ambao kuba lake hubadilisha rangi usiku, kisha soko la Kimironko, kisha huonyeshwa usafi wa njia na kuelezwa habari za umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Yote hayo yana haki ya kutazamwa. Ila usafi huo una historia ya mitaa iliyoondolewa, mathalani vibanda vya maskini vya Kiyovu vilivyobomolewa kupisha mpango mpya wa mji, na mwongozaji huwa hana haraka ya kuitaja. Ningemnasihi mgeni atoke hapo ashuke kwa miguu njia ya mgongo wa Nyarugenge hadi Biryogo, ambako tangu mwaka 2021 njia kadhaa zimefungiwa magari na kupakwa rangi, watu wakaweka meza nje. Apite msikiti na kituo cha Kiislamu kilichojengwa kwa fedha za Libya, apite vinyozi, mafundi cherehani na maduka ya vipuri, afike uwanja wa mpira wa Nyamirambo ambao mwaka 2023 ulipewa jina la Pelé, na, kama pumzi ingalipo, aukwee Mlima Kigali wenyewe. Kutoka huko juu ataiona Nyabarongo ikizunguka chini kwa maji yake mekundu, naye ataelewa kwa nini viunga vya mji huu havina budi kuhesabiwa pamoja nao.

Upande wa kaskazini, njia ya Musanze hupita Shyorongi na kupanda kuelekea milima ya volkeno na masokwe wake. Ni nzuri mno, na imeandikwa vya kutosha na watalii. Upande wa kusini-magharibi ndiko ulikokuwa uzito wa dola ya zamani. Baada ya kiasi cha kilomita 50 mtu hufika Muhanga, iliyokuwa Gitarama, ambako Januari 1961 ilitangazwa jamhuri. Hapo karibu iko Kabgayi, misheni ya mwaka 1906, ambamo Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na nchi ikamfuata. Mbele zaidi ni Nyanza, yenye nyumba ya kisasa ya Rudahigwa na mfano wa ikulu ya nyasi ya baba yake huko Rukari, na ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu kupita kiasi wanaotunzwa kama waungwana. Musinga, aliyekuwa akiandika Kiswahili na kukataa ubatizo, aliuzuliwa na Wabelgiji Novemba 1931, akapelekwa Kamembe, kisha Kongo, ambako alikufa mwaka 1944. Kati ya wafalme wote wa Rwanda ni yeye ninayemwonea imani zaidi.

Kusini, mara baada ya kuvuka Nyabarongo, vilima hulala na nchi ya Bugesera hutandazika, kavu na yenye joto. Zamani ilikuwa himaya yenye wafalme wake. Baadaye ikawa pori la mbung'o, na baada ya machafuko ya mwaka 1959 Watutsi waliofukuzwa makwao walimwagwa huko kwa malori, pengine kwa kutarajiwa kwamba maradhi yatawamaliza. Hawakuisha, walilima, wakajenga mji wa Nyamata, na watoto wao ndio waliouawa kanisani mwaka 1994. Kanisa hilo sasa ni kumbukumbu, na mwaka 2023 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na Murambi, Bisesero na Gisozi. Si mbali na hapo, tangu 2017, unajengwa uwanja mkubwa wa ndege.

Mashariki ndiko liliko shina la yote. Kilima cha Gasabo, juu ya Ziwa Muhazi, husimuliwa na wazee kuwa ndiko ilikoanzia dola ya Wanyiginya, ukoo wa wafalme wa Rwanda, kabla haijaenea, na Muhazi lenyewe ni ziwa jembamba lililojikunja mabondeni kwa makumi ya kilomita. Rwamagana, kiasi cha kilomita 50 kutoka Kigali, ni mji wa biashara wenye jamii ya Waislamu tangu zama za Wajerumani, na hapo mzungumzaji wa Kiswahili hatapata taabu hata kidogo. Lugha hiyo, iliyodharauliwa kuwa ya kambi na ya madereva, ilitambuliwa kwa sheria mwaka 2017 kuwa lugha rasmi ya nne ya Rwanda, baada ya Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, kwa kuwa nchi ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki muongo mmoja kabla yake.

Kutoka Rwamagana barabara hupita Kayonza na Kibungo hata Rusumo, penye maporomoko aliyoyavuka Götzen. Kwenye daraja hilo, mwishoni mwa Aprili 1994, walivuka wakimbizi wapatao 250,000 kwa siku moja tu kuingia Ngara. Leo pana daraja jipya, na forodha za nchi mbili zimewekwa pamoja, na malori yanayotoka Dar es Salaam, safari ya kiasi cha kilomita 1,500, husimama hapo yakiwa na mafuta, saruji, ngano na magari, kisha hurudi na kahawa, chai na madini. Tawi la reli lililoanzwa mwaka 1914 halikufika kamwe. Mwaka 2018 serikali za Tanzania na Rwanda zilikubaliana kujenga reli mpya kutoka Isaka hadi Kigali. Lakini kwa sasa mizigo ingali ikipanda kwa malori, madereva wakilala Kahama na Nyakanazi, na makuli wa Kigali wakiwangoja kwa Kiswahili kilekile cha wanunuzi wa ngozi.